Jiwe la Jikoni katika Beni na Butembo

Wenyeji wa milima iliyo magharibi ya Ziwa Edward, katika Kongo ya mashariki, hawakungoja makontena ya Mombasa ili wajue kuchagua jiwe la nyumbani. Leo, mtu apitapo katika vilima vya Butembo na kuziona nyumba za ghorofa walizojijengea wafanyabiashara wa mji ule, kisha akakaribishwa ndani hata akafika jikoni, akaonyeshwa meza ya graniti nyeusi iliyong'arishwa, huambiwa aghalabu kwamba huo ni ustaarabu mpya, uliotoka Dubai au Uchina pamoja na karo za sakafu na masinki ya chuma kisichoshika kutu. Mimi naona kauli hiyo ina nusu ya kweli. Bamba limetoka mbali, hilo halina shaka. Lakini jiwe jikoni, na elimu ya kulipima, kulitunza na kulirithisha, ni mambo ya kale sana katika nchi hii, na kwa kuwa elimu ile ilikaa mikononi mwa wanawake waliopiga magoti juu ya ardhi, imekuwa rahisi kwa wanaume wanaosimama dukani kuisahau.

Tukianza na zamani iliyo mbali kupita zote, mahali paitwapo Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani, katika eneo la Beni, mtaalamu wa Kibelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 makazi ya wavuvi walioishi hapo takriban miaka 20,000 iliyopita. Ulimwengu umeshika zaidi habari ya mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa makundi, wenye kipande cha kwatsi kwenye ncha yake, ambao umehifadhiwa Brussels na ambao wana hesabu hawajaacha kuujadili. Walakini katika vitu vilivyotoka katika udongo ule yalikuwamo pia mawe ya kusagia na ya kupondea. Hayo hayakupata sifa, kwa sababu jiwe la kusagia halimshangazi mtu. Nami katika habari hii nayathamini kuliko mfupa, kwa kuwa yanatuonyesha kwamba katika nchi hii jiwe liliwekwa karibu na chakula kabla ya chungu, kabla ya chuma, na kabla ya jembe.

Wanande, wenyeji wa milima hii, ambao wenyewe hujiita Wayira, husimulia katika mapokeo yao kwamba wazee wao walivuka Semliki wakitokea upande wa Uganda, wakapanda milimani na kufyeka misitu. Na nafaka iliyokuwa na heshima kubwa kwao ilikuwa ulezi, uliokuwa chakula na pombe na kitu cha matambiko kwa pamoja. Ulezi una punje ndogo mno, na kinu cha mti huurusha huku na huku bila ya kuutoa unga ulio laini. Hauna budi kusagwa. Kwa hiyo nyumba ilihitaji jiwe: bamba pana la chini, lililoinamishwa kidogo kwenda mbele ili unga uteremkie ungoni, na jiwe dogo la juu, la kushikwa kwa mikono miwili. Mwanamke alipiga magoti nyuma ya bamba, akamwaga konzi ya nafaka, akalisukuma jiwe la juu kwa uzito wa mabega yake, akalirudisha kwa wepesi, akalisukuma tena, mpaka unga wa siku ukatosha.

Basi jiwe lipi? Lile la mchanga ulioshikamana vibaya lilikataliwa, kwa sababu humenyeka likatia changa katika chakula na kuyala meno ya walaji. Na lile gumu lenye punje ndogo za namna moja tu nalo lilikataliwa, kwa sababu hulainika upesi, likateleza, na nafaka ikapita juu yake nzima. Lililotakiwa ni jiwe lenye punje ngumu na punje zilizo laini kidogo zimechanganyika, ili hizi laini zikilika kwanza zile ngumu zibaki zimesimama na kuiuma nafaka: nayo ndiyo sifa ya graniti na ya ndugu zake wenye milia, mawe ya kale ambayo milima ya Mitumba na safu ya Ruwenzori imejengwa kwayo. Hata jiwe jema lilichoka, na likichoka halikutupwa. Mwenyewe alitwaa kipande cha kwatsi, lile jiwe jeupe gumu, akakaa kando ya bamba lake, akaligonga polepole, kitundu baada ya kitundu, kila kimoja kwa kadiri ya punje ya ulezi, tangu ukingo wa juu hata wa chini, huku akipangusa vumbi kwa kiganja na kulipapasa kwa ncha za vidole ili ajue ni wapi palipobaki pakiteleza. Kisha alisaga konzi ya kwanza na kuiondoa, maana ilikuwa na changa. Jiwe lililotunzwa namna hiyo liliweza kumtumikia mama na binti na mjukuu, likilika katikati kidogo kidogo hata likafanya bonde ambalo mkono wa mgeni haukulizoea.

Mafiga nayo yalikuwa na sheria yake. Jiwe lililookotwa mtoni halikutiwa motoni mara moja, kwa kuwa maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke na kulipasua kwa kishindo, vipande vikaruka; lilikaushwa kwanza siku nyingi. Na jiwe lenye mishipa minene ya kwatsi liliogopwa, kwa sababu kwatsi hutanuka kwa moto kuliko jirani zake, ikafungua ufa. Naomba msomaji aishike sheria hii, maana bamba la graniti la leo laitii vilevile.

Mambo yalianza kugeuka katika miaka ya 1920, ilipoingia kampuni ya Minière des Grands Lacs kutafuta dhahabu na madini mengine, na Butembo ikawa kituo cha watu wengi badala ya kilima cha wenyeji wachache. Mapadre Waasumpsio walifika mwaka 1929, na pamoja na injili na shule walileta tanuri za matofali. Serikali ya kikoloni nayo ikahimiza ngano, kahawa na mboga za Ulaya katika nyanda za juu za Lubero. Muhogo na mahindi yakaenea, ulezi ukarudi nyuma, na mashine ya kusaga ilipokuja ilimaliza kwa robo ya saa kazi iliyokuwa ikiwachukua wanawake asubuhi nzima. Asidhani mtu kwamba nailalamikia mashine. Kazi ile ilivunja migongo na magoti, na aliyepumzishwa nayo alistahili kupumzika. Ninachosikitikia ni kwamba jiwe lilipoondoka liliondoka na elimu yake, na hapakutokea mtu wa kuiandika.

Nyumba nayo ilibadilika sura. Katika nyumba ya zamani ya mviringo moto ulikuwa katikati, na jiwe, na chungu, na mgeni, wote walikuwa chini ya paa moja. Nyumba ya matofali, ya pembe nne na mabati, iliutoa moto nje, na jiko likajengwa nyuma ya parsele (kiwanja cha nyumba), kibanda cha peke yake chenye moshi wake, ilhali chumba cha mbele kikawa saluni ya kupokelea watu, chenye viti na vitambaa vya kufuma. Tangu hapo nyumba ikawa na uso na mgongo, uso wa kuonyeshwa na mgongo wa kufanyia kazi. Na mgawanyiko huo, nitakavyoeleza, ndio unaoitesa meza ya graniti hata sasa.

Kuja kwa graniti kwenyewe ni sehemu ya historia ya biashara, na biashara ya Wanande ni ya kale kuliko mkoloni. Walipeleka maharagwe na ulezi ziwani, wakarudi na chumvi ya Katwe, iliyo leo katika Uganda. Baada ya uhuru waliuza mboga zao hata Kisangani, kwa safari ya msituni isiyo na mzaha. Rais Mobutu alipotangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba mali za wafanyabiashara wageni zitwaliwe na wananchi, njia ya maduka makubwa ilifunguka. Mwaka 1982 uchimbaji mdogo wa dhahabu na biashara yake vikaruhusiwa. Dhahabu na kahawa zikavuka mpaka wa Uganda pale Kasindi, na wale waliozivusha wakajifunza njia ya Dubai, kisha ya Hong Kong na Guangzhou, wakarudi na vitenge, pikipiki, vipuri, mabati na karo. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyelichunga jimbo la Butembo-Beni tangu mwaka 1966 hata 1997, aliwahimiza waumini, matajiri na maskini, watengeneze barabara kwa mikono na mifuko yao wenyewe, kwa kuwa serikali ya Kinshasa ilikuwa mbali kwa masafa na kwa nia. Na mfumuko wa bei wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipoila sarafu ya zaire hata noti za gunia zisinunue kitu, mtu mwenye busara aliona ni heri mali yake aifunge katika tofali, saruji na jiwe. Hii ndiyo sababu kubwa ya majumba ya Butembo. Anayeyatazama kwa haraka huona majivuno; mimi naona hazina ya watu ambao sarafu iliwasaliti. Mwaka 2003, Butembo na Beni zilipopewa hadhi ya miji, ujenzi huo ulikuwa umekwisha kuanza zamani, nao uliendelea katikati ya vita.

Bamba la graniti limfikialo mwenye nyumba pale limechimbwa mara nyingi India au Uchina, limekatwa kwa misumeno ya almasi, limesuguliwa, limepakiwa melini hadi Mombasa, likapanda lori kupita Nairobi na Kampala, likazunguka mguu wa Ruwenzori, likaingia Kasindi, kisha kilomita 80 hadi Beni na 54 tena hadi Butembo: kwa jumla safari ya nchi kavu ya zaidi ya kilomita 1,600, ambayo sehemu yake ya mwisho, hata baada ya Rais Tshisekedi na Rais Museveni kuzindua ujenzi wa barabara hizo mwezi Juni 2021, ndiyo iliyokuwa ikivunja mabamba mengi kwa mashimo na tope. Na wakati bamba hilo linapopita, pembeni mwa njia, chini ya vilima vilivyofanywa kwa mawe ya kizazi kile kile, huketi wanawake wenye nyundo, watoto wakiwa karibu, wakiyapasua mawe ya kwao kuwa kokoto, na kuyauza kwa ndoo. Jiwe la nchi hii halina kasoro iliyolinyima meza. Limenyimwa msumeno, umeme wa kuuendesha, na barabara ya kulitoa machimboni. Penye umeme wa maporomoko, kama ule uliowashwa Mutwanga mwaka 2013 chini ya Ruwenzori, sioni kwa nini siku moja jiwe la Mitumba lisilazwe katika jiko la Butembo.

Kwa sasa mtu hununua lililokuja, na bei hutajwa kwa dola, wala si ndogo. Kwa hiyo inafaa achague kama walivyochagua mabibi zake, kwa mkono na kwa majaribio, asikubali jina peke yake. Mengi yanayouzwa kwa jina la graniti nyeusi ni mawe ya jamii nyingine ya moto, mazito zaidi na yenye vitundu vichache, na hilo si dhara, huenda hata ni faida. Dhara ni pale jiwe la kijivu linapotiwa rangi ili liwe jeusi, na dawa yake ni kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha: kikitoka na weusi, bamba lirudishwe. Marumaru nayo huuzwa kando ya graniti, na kwa macho ni nzuri kuliko zote, lakini ni jiwe la chokaa. Tone la limau, siki, nyanya au kasiksi (pombe ya ndizi) huila na kuacha duara lisilong'aa. Tone hilo hilo likidondoshwa juu ya graniti ya kweli halifanyi neno.

Jaribio linalonipendeza kupita yote ni la maji. Mtu adondoshe maji juu ya bamba, angoje muda wa robo saa. Mahali palipolowa pakiwa peusi kuliko pengine, jiwe linakunywa, na jiwe linywalo maji litakunywa mawese. Hapa ndipo jiko la Beni linapotofautiana na majiko ya Ulaya ambayo mabamba haya yalipimwa kwa ajili yake. Mawese ya nyanda za chini hupikiwa sombe (majani ya muhogo), maharagwe na samaki karibu kila siku, na tone lake jekundu, likilala usiku mmoja juu ya graniti nyeupe isiyozibwa, huacha alama ya rangi ya kutu ambayo sabuni haiiondoi. Anayelipenda jiwe jeupe lazima alipake dawa ya kuziba vitundu kila baada ya muda, na doa likiisha kuingia, alifunike kwa uji mzito wa magadi ya kuokea na maji, aufunge kwa nailoni hadi kesho, arudie ikibidi; mafuta hupanda taratibu katika unga ule. Na kusugua sufuria kwa mchanga na majivu, desturi njema iliyong'arisha vyombo vyetu vizazi vingi, kufanywe mbali na bamba, kwa sababu mchanga aghalabu ni kwatsi, na kwatsi huikwaruza sehemu iliyo laini ya graniti kama vile ilivyoligonga jiwe la kusagia.

Habari ya moto niliahidi. Graniti hustahimili joto, na wauzaji husema kweli wanaposema hivyo. Ila sufuria iliyotoka sasa hivi juu ya makaa, ikiwekwa pahali pamoja juu ya bamba jembamba la sentimita 2 katika baridi ya asubuhi ya Butembo, mji ulio karibu na mita 1,700 juu ya bahari, hutanua sehemu moja na kuiacha nyingine, na penye mshipa wa kwatsi au ufa uliofichwa kwa gundi bamba huachana. Unene wa sentimita 3 ni salama zaidi, lakini uzito wake ni kilo 80 hivi kwa kila mita ya mraba, na makabati ya mbao laini hayauwezi. Panahitajika kuta za matofali chini yake.

Sasa niseme lile la uso na mgongo. Katika nyumba nyingi zenye meza ya graniti kuna majiko mawili: la ndani, lenye bamba na mfereji na jiko la gesi, ambalo mgeni huonyeshwa; na la nyuma, lenye makaa na mafiga, ambalo familia hulishwa kwalo. Watu husema sababu ni umeme, na kweli umeme ni haba. Lakini sababu nyingine ni kimo. Bamba huwekwa sentimita 90 kutoka sakafuni, kwa desturi ya nchi ambazo mpishi husimama na kukata mkate. Bugali ya watu kumi haisongwi hivyo. Sufuria yake hutaka kuwa chini ya kiuno, iliyobanwa imara, ili mwiko uingie kwa uzito wa mwili wote, na kinu cha sombe hutaka ardhi. Mwanamke hushindwa na kimo kile, akarudi nyuma kwenye moshi, na jiwe la mamia ya dola likabaki kushikilia bilauri. Mimi ningependa fundi na mwenye nyumba wamwite mpishi kabla saruji haijachanganywa, wamwambie asonge, wampime, kisha wajenge sehemu moja ya bamba katika sentimita 50 au 60, nene, karibu na mlango wa nyuma penye hewa. Wanawake walioliinamisha jiwe la kusagia kwa kadiri ya magoti yao walijua kwamba jiwe halina budi kumfuata mtu.

Uzuri mmoja wa bamba laini ulionekana katika msiba. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa eneo la Beni tarehe 1 Agosti 2018, na kutangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, uliweka ndoo ya maji ya klorini katika kila mlango na kuifundisha kila nyumba kuogopa mahali pasipooshwa. Saruji yenye mashimo na mbao zilizopasuka hushika uchafu. Jiwe lililosuguliwa hupanguswa likaisha, mradi klorini isuuzwe kwa maji safi, maana ikikaa huila ile dawa ya kuziba vitundu.

Lakini msiba mwingine haujaisha. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza watu wa Oicha, Mbau, Eringeti na vijiji vilivyo baina yake, na mwanamke akimbiaye hubeba mtoto, sufuria na godoro, jiwe halibebeki. Kambini au katika ua wa jamaa aliyempokea huanza upya na mawe matatu ya kuokota. Kwa hiyo, nionapo mtu wa Beni, ambaye milio ya bunduki ameisikia mwenyewe, akiwaita vijana wanane wampandishie ngazini bamba la kilo mia mbili na kulilaza juu ya kuta za matofali, siwezi kuliita jambo lile anasa. Ni tamko la mtu asiyekusudia kuondoka, nalo lina ushujaa ndani yake.

Limebaki neno la wale wanaolikata. Bamba hufika zima, na fundi hulipima na kulichonga penye parsele kwa mashine ya mkono yenye diski, tundu la sinki likatoka katikati ya wingu jeupe linalofunika nyusi zake na majani ya mgomba wa jirani. Wingu lile lina silika. Katika graniti hufika robo ya jiwe au zaidi, na chembe zake, zikishuka mapafuni mwaka baada ya mwaka, hufanya makovu yasiyotibika, ugonjwa wa silikosisi. Ndio uwapatao pia wasagao mawe ya dhahabu, kama akina mama wa mji wa dhahabu wa Kamituga wanaoyatwanga kwa mikono. Katika mawe ya kutengenezwa kiwandani, ambayo silika yake hupita asilimia 90, dhara lilizidi hata Australia ikayapiga marufuku tarehe 1 Julai 2024. Zipo mashine zilizotengenezwa kukata huku zikimwaga maji, vumbi likageuka tope na kuanguka miguuni, na zipo barakoa zenye kichujio. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi, kwa kuwa chembe zile ni ndogo kuliko matundu yake. Mwenye nyumba anayelipa mamia ya dola kwa bamba ana uwezo wa kulipia kazi ya maji, na sharti hilo anaweza kuliweka siku ile ile anapopatana na fundi juu ya bei.